Jengo Hili Lilijengwa Mwaka Gani?

Wewe uliyewahi kutembezwa Mji Mkongwe wa Unguja unazijua ngazi zile za Mkunazini. Unainama ili usigonge kichwa. Chini kuna vyumba vyenye dari fupi, majukwaa ya mawe huku na huku, mfereji katikati, na matundu membamba yanayoingiza mwanga kidogo. Mwongozaji anasubiri kila mtu apate pa kusimama, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba humu ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kupelekwa sokoni: hamsini chumba hiki, sabini na tano kile. Siku tuliyoshuka sisi, walimu saba kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenzetu mmoja alilia.

Mimi nililia pia, sikatai. Ndiyo maana nilirudi. Nimefanya matembezi hayo mara tatu, na waongozaji watatu tofauti, nikiandika kwenye daftari kila kilichosemwa kutoka Shangani hadi Darajani. Wote watatu walikuwa vijana wenye adabu wanaoipenda kazi yao, na sina ugomvi na yeyote kati yao. Nina ugomvi na maneno waliyorithishwa, ambayo ninyi wasomaji mmeyasikia pia, kama si hapo kwenye ngazi basi katika video na katika vitabu vya wageni. Nitayaweka moja moja kama yanavyosemwa, bila kuyapunguza nguvu, na ushahidi kando yake. Hukumu ni yenu.

Mjue pia naandika nikitokea wapi. Nimezaliwa Ngungu, kwenye milima ya kusini mwa Masisi, mahali ambapo hakuna jengo la mawe la kale la kumwonyesha mgeni. Nyumba zetu ni za mbao na mabati, na nyingi zimeungua zaidi ya mara moja tangu vita vile vya 1993 vilivyoanzia sokoni Ntoto, kule Walikale. Kumbukumbu yetu iko midomoni, na nimeona midomo inavyoweza kuua. Mwaka 1937 Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda kuwaleta Masisi, ukaendelea hadi 1955. Anayetaka kumfukuza jirani yake huanza hesabu ya historia mwaka huo, kana kwamba kabla yake hakuna mtu aliyewahi kuhama. Anayetaka kukana kwamba wapo walioletwa na mkoloni huuruka mwaka huohuo. Watu wamechinjwa kwa mwaka mmoja uliotajwa peke yake au uliofichwa. Kwa hiyo mtu akiniambia, kama alivyoniambia mwongozaji wa pili, "Mwalimu, wageni hawataki tarehe, wanataka hadithi," siwezi kulipokea kama neno dogo.

Matembezi huanzia Shangani, na dai la kwanza hutolewa hapo: kwamba mji huu wa mawe uliletwa na Waarabu wa Omani, na kabla yao palikuwa na vibanda vya wavuvi tu. Tulitendee haki. Ni kweli Shangani palikuwa na kijiji cha wavuvi, na ni kweli nyumba nyingi tunazoziona leo ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja. Lakini dai linatoka "nyumba hizi ni za karne ya 19" na kurukia "ujenzi wa mawe uliletwa na wageni", na katikati ya kauli hizo mbili hakuna daraja. Kusini mwa kisiwa hichohicho, Kizimkazi, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kilwa Kisiwani ilikuwa na Msikiti Mkuu, na karne ya 14 ikawa na jumba la Husuni Kubwa. Jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa, boriti za mikoko zinazopanga upana wa chumba: ufundi wote huo ulikuwa mikononi mwa watu wa mwambao zaidi ya karne saba kabla ya Seyyid Said. Waomani wenye mali walijenga kwa ufundi walioukuta. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walijenga, na mitaa mizima yenye maduka chini na roshani juu ni yao. Waliobeba mawe hawatajwi kabisa mwanzoni mwa matembezi. Wanatajwa baadaye, Mkunazini, wakiwa bidhaa. Mtu aliyejenga ukuta anatajwa mara moja tu, pale anapouzwa.

Ngome Kongwe haitatuchukua muda. Husemwa kwamba ni ya Wareno. Wareno walijenga kanisa hapo, na mabaki yake yamo ndani ya kuta. Kuta zenyewe zilijengwa na Waomani baada ya kuwang'oa Wareno mwaka 1698. Anayesema ngome ni ya Wareno amechukua jina la kilichomo ndani akalipa kilichokizunguka.

Milango nayo. Nimeambiwa kwamba misumari mikubwa ya shaba ni ya kuzuia tembo. Katika India milango ya ngome iliwekewa miiba dhidi ya tembo wa vita, na mtindo huo ndio uliovuka bahari kwa mafundi na wafanyabiashara. Unguja haina tembo, na kichochoro cha Kiponda hakimpitishi. Nimeambiwa pia kwamba mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Lipimeni dai hilo lenyewe kwa lenyewe. Katika mji wa wakati ule, karibu kila mwenye uwezo wa kuagiza mlango wa kuchonga alikuwa na watumwa nyumbani. Alama ambayo ingewastahili wote haiwezi kumtambulisha mmoja. Wengine wanaufasiri mnyororo huohuo kuwa ni ulinzi wa nyumba na waliomo. Ubaya wa tafsiri ya kwanza ni kwamba inamfanya mgeni ahesabu minyororo milangoni, akifika penye mlango wa maua tu apumue, aamini kwamba hapa hapakuwa na dhuluma.

Sasa turudi chini ya ngazi, kwa maana hapa ndipo matembezi yote yanapoegemea.

Dai ni kwamba vyumba vile ni mabaki ya soko la watumwa: walifungiwa humu, wakauzwa hapo juu. Nusu ya dai haina ubishi. Soko la mwisho la wazi la watumwa mjini lilikuwa Mkunazini, na kanisa kuu la Kianglikana limesimama katika kiwanja chake. Soko lilifungwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 5 Juni 1873, kati ya Sultani Barghash na Uingereza iliyowakilishwa na balozi wake John Kirk. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na amezikwa nyuma ya madhabahu. Hayo yote ni kweli na yameandikwa.

Lakini vyumba haviko chini ya kanisa. Viko chini ya jengo la pembeni, lile lililokuja kuitwa hosteli ya Mtakatifu Monika. Jengo hilo lilijengwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA katika miaka ya 1890, nalo lilikuwa hospitali. Vyumba ni sehemu yake ya chini. Hesabu hapa haihitaji msomi: soko lilifungwa 1873, jengo likaja baada ya miaka kama ishirini. Chumba hakiwezi kutangulia nyumba kilicho chini yake kwa miaka ishirini, kikangoja. Wanahistoria wa Zanzibar wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi, na bado kila asubuhi watu wanashushwa ngazi.

Niliwauliza waongozaji wote watatu kuhusu tarehe hizo, na nilipata majibu mawili. La kwanza: kwamba vyumba ni vya kale kuliko jengo, misheni ilijenga juu yake tu. Hili lingewezekana, kama kungekuwa na ramani, hati ya kiwanja, au shahidi wa kabla ya 1873 aliyetaja mahandaki pale. Sikuonyeshwa hata kimoja. Wageni wa karne ile waliolieleza soko la Unguja wanaeleza uwanja, si shimo. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyekuwa Unguja mwaka 1811, ameandika jinsi watu walivyosafishwa, wakapakwa mafuta ya nazi, wakapambwa, wakapangwa mstari kuanzia wadogo, wakapitishwa mitaani alasiri huku wanunuzi wakiwakagua mbele ya kila mtu. Hayo yalikuwa kabla ya soko kuwa Mkunazini, lakini biashara ni ileile. Biashara hiyo haikuwa ya siri. Ilikuwa halali, ilitozwa ushuru wa forodha kwa kila kichwa, na ilifanyika juani. Anayeipeleka chini ya ardhi anamfichia aibu mwenye mji, kwa sababu anatufanya tuamini kwamba walioishi juu hawakuona.

Jibu la pili ni kinyume cha la kwanza, ingawa nililipata kwa mwongozaji yuleyule: kwamba vyumba vilitumika kwa magendo baada ya soko kufungwa. Tuzitazame tarehe tena. Baada ya 1873 mwenye kiwanja ni misheni. Kama watumwa walifichwa chini ya jengo lile baada ya kujengwa, basi walifichwa chini ya hospitali ya wamisionari, na wamisionari ndio waliowaficha au waliofumba macho. Hakuna mwongozaji anayetaka kusema hivyo, kwani dakika kumi baadaye anatuingiza kanisani kutueleza kwamba misheni hiyohiyo ndiyo iliyowakomboa. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa katika kinywa kimoja. Ama vyumba si vya watumwa, ama misheni ilikuwa na watumwa chini ya vitanda vya wagonjwa. Ushahidi uko upande wa kwanza.

Angalieni sasa kilichoko uani, hatua chache kutoka kwenye ngazi. Mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, aliweka hapo mwaka 1998 sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Kazi ile haidai kuwa kitu kisichokuwa. Inasema: mtu wa karne ya 20 amechonga hizi ili mkumbuke waliouzwa mahali hapa. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa chini. Ukumbusho wa kweli upo tayari, na hauhitaji chumba cha hospitali kuusaidia.

Ndani ya kanisa linakuja dai zito zaidi, kwa sababu linagusa nani alimkomboa nani: kwamba Waingereza walikomesha utumwa mwaka 1873. Walichokomesha mwaka huo ni kusafirisha watumwa baharini na kuwauza katika masoko ya wazi, na Barghash alisaini akitishiwa kuzingirwa na manowari. Sheria ya utumwa wenyewe haikuguswa. Aliyekuwa mtumwa shambani tarehe 4 Juni aliamka tarehe 6 Juni akiwa mtumwa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na kwa miaka saba bendera ya wakombozi iliongoza nchi ambayo ndani yake mtu alikuwa mali halali ya mtu. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitoka Aprili 1897. Hata hiyo haikumwachia mtu yeyote pale pale. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, bwana wake akalipwa fidia, na aliyeachiwa akatakiwa aonyeshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ni miaka thelathini na sita kutoka 1873, na mwanamke aliyezaliwa siku mkataba uliposainiwa aliweza kuwa na wajukuu kabla sheria haijamtambua.

Mwongozaji wa tatu aliongeza kwamba vita vya dakika thelathini na nane vya tarehe 27 Agosti 1896 vilipiganwa kwa sababu sultani alikataa kukomesha utumwa. Hapana. Vilipiganwa kwa sababu Khalid bin Barghash alijitwalia kiti baada ya kifo cha Hamad bin Thuwaini bila ridhaa ya balozi wa Uingereza. Watu kiasi cha mia tano upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa, na baharia mmoja Mwingereza akajeruhiwa. Wageni huchekeshwa na ufupi wa vita hivyo. Mimi nimekulia chini ya mizinga, na sijui dakika ngapi za mizinga zinatosha kuitwa kichekesho.

Twende nyumbani kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Nyumba yake iko Shangani, na hapo dai linatolewa kwa sura mbili. Mwongozaji mmoja husema: Waarabu ndio waliotuuza. Mwingine, mara nyingi akiwa na wageni wa Kizungu, husema: Waafrika wenyewe waliwauza ndugu zao. Kila sura imeshika ukweli kiasi kisha ikafunga mlango. Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alizaliwa Unguja, ana damu ya Omani na, kwa upande wa baba yake, damu ya Kiafrika pia. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Mali yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Aliyemkopesha mtaji wa misafara alikuwa Mhindi, Taria Topan. Nguo walizobeba wapagazi wake ziliitwa merikani kwa sababu zilitoka Marekani, nchi iliyofungua ubalozi wake Unguja mwaka 1837. Na pembe zilipotoka Unguja zilikwenda kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mmisionari Livingstone, ambaye kanisani pale Mkunazini husimuliwa kama adui wa watu hawa, alisaidiwa na Tippu Tip mwaka 1867. Wasafiri wengine wa Kizungu nao walimtegemea, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Mnyororo wa biashara ile ulikuwa na pete nyingi, na kila sura ya dai inaonyesha pete moja tu na kuficha nyingine.

Ipo pete moja ambayo sikuitarajia kuisikia Shangani, na kweli sikuisikia, ingawa kwa mtu wa Kongo ndiyo kubwa kuliko zote. Februari 1887, hapohapo Unguja, Tippu Tip alitia saini mkataba na Stanley akawa gavana wa Stanley Falls, sehemu tunayoiita leo Kisangani, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfalme aliyekuwa akijitangaza Ulaya kuwa adui wa biashara ya watumwa alimwajiri mkuu wa wafanyabiashara hao. Miaka mitano baadaye, 1892 hadi 1894, jeshi la Leopold likiongozwa na ofisa wake Dhanis lilipigana na watu wa Tippu Tip, likateka miji ya Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na vita hivyo vikaandikwa kuwa ni vita vya ukombozi. Baada ya ukombozi huo ikaja kazi ya lazima ya mpira. Babu zetu wa mashariki ya Kongo walitolewa katika mkono mmoja wakatiwa katika mwingine, na mikono yote miwili ilikuwa imeshapeana saini Unguja. Mwongozaji akisimama mbele ya mlango ule na kusema "Waarabu walituuza, Wazungu wakatukomboa", mlango ulio nyuma yake unamkanusha.

Lipo dai jingine linaloonekana dogo: kwamba watumwa wote walipitia tu Unguja, wakapelekwa Arabuni na Uajemi. Wengi walipelekwa huko kweli. Lakini karne ya 19 sehemu kubwa walibaki Unguja na Pemba, kwenye mashamba ya mikarafuu, na wengine kwenye mashamba ya nafaka ya mwambao wa Malindi na Mombasa. Karafuu iliyoijengea Unguja jina duniani ilichumwa na mikono yao. Dai la "walipita tu" lina faida moja kwa anayelisema: linawaondoa waliouzwa kisiwani, na pamoja nao wajukuu zao. Lakini wajukuu hawakuondoka. Ng'ambo ya hori lililokuwa likitenganisha mji wa mawe na upande wa pili, hori ambalo daraja lake ndilo lililoipa Darajani jina, walijenga nyumba za udongo na makuti, wakakaa na watu wengine wa kawaida wa kisiwa. Wanaitwa majirani, si mizimu. Mgeni aliyeambiwa kwamba waliondoka wote hana sababu ya kuvuka barabara kwenda kuwasalimu.

Nami nina neno langu katika hili. Mwongozaji wa kwanza alipojua tunatoka Kongo alifurahi, akasema, "Kaka, kumbe nyie ndio wale Wamanyema! Hata Kiswahili chenu kilitoka hapa, ila kiliharibika njiani." Nilimshukuru kwa ukarimu wake na leo namjibu kwa ukarimu huohuo. Misafara iliyotoka pwani ilifikisha Kiswahili Manyema, mashariki ya Kongo, hilo halina ubishi. Lakini lugha iliyobaki Kongo ilibaki kwa sababu watu wa Kongo waliifanyia kazi: sokoni, migodini Katanga, shuleni na makanisani, hadi ikawa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kule Ngungu, Mhunde, Mtembo na Mnyarwanda wanaelewana bei ya maharage kwa Kiswahili hicho, na siku mbaya wanaombana radhi kwacho. Na Kiswahili sanifu chenyewe kilichaguliwa mezani: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na kamati ikaundwa 1930 kukisanifisha. Uamuzi wa kamati si kipimo cha kuharibika kwa lugha za wengine. Kuhusu Wamanyema, walioletwa pwani wakiwa wapagazi, askari na watumwa, uzao wao uko Ujiji, Tabora na Dar es Salaam, ambako Kariakoo upo msikiti unaobeba jina lao. Katika matembezi yote matatu, jina la Kasongo halikutajwa hata mara moja, wala la Nyangwe. Waliotembezwa kwa minyororo kutoka huko wametolewa majina mara ya pili.

Limebaki dai la mwisho, ambalo halisemwi mbele ya wageni. Nililipata pembeni, kwa mtu mzima aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi na ambaye alikubali kwamba vyumba ni vya hospitali. Alisema: hata kama si vyumba vyenyewe, mateso yalikuwa ya kweli, na mtu akitoka mle ndani anayaamini. Ukimwambia ukweli, atatoka hana alichohisi.

Nalichukua dai hili kwa uzito kuliko mengine, kwa sababu ni la mtu mwenye nia njema. Lakini angalieni linamsaidia nani. Wapo wanaosema utumwa wa Unguja ni uzushi wa Waingereza na wamisionari, kwamba mtumwa hapa alikuwa kama mtoto wa nyumbani. Watu hao hawana ushahidi, ila wanayo ngazi ya Mkunazini. Wanamshusha mtu chini, wanamwonyesha mwaka wa jengo, kisha wanamwambia: umeona, na mengine yote ni hivihivi. Uongo mdogo uliowekwa kuusaidia ukweli mkubwa ndio unaokuwa silaha ya kuupiga. Kwetu Masisi nimeliona hilo mara nyingi. Kaburi moja likisingiziwa, makaburi kumi ya kweli yanakanwa kwa ajili yake, na wenye makaburi hayo wanabaki na maiti wao bila mtu wa kuwaamini.

Wala si kweli kwamba bila vyumba mtu hana cha kuhisi. Mpeni mgeni mstari ule wa Smee, watoto mbele, wamepakwa mafuta ya nazi, saa za alasiri, mji mzima ukitazama. Mpeni mwanamke wa 1897 aliyesikia kwamba watumwa wameruhusiwa kuomba uhuru, akaambiwa kwamba yeye, kwa kuwa ni suria, hahusiki. Mpeni pauni 30 kwa mwezi. Sijaona mtu atakayetoka hapo akiwa mkavu.

Basi ombi langu ni kwenu mtakaotembezwa na ninyi mnaotembeza. Ukifika juu ya ngazi zile, kabla ya kuinama, muulize mwongozaji wako kwa heshima: jengo hili lilijengwa mwaka gani? Msubiri ajibu mbele ya wote. Kisha, kabla hajakurudisha Forodhani, mwombe akuvushe barabara ya Benjamin Mkapa akupeleke Ng'ambo, kwa watu. Kutoka Mkunazini ni kuvuka barabara tu.